Kaka anataka tuuze shamba tumpeleke mama India akabadilishwe magoti

Somo, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga, mtoto wa tatu kati ya watano. Mama yetu ana miaka 67. Magoti yalianza kumsumbua tangu marehemu baba yuko hai, lakini miaka miwili hii yamekuwa mengine. Akiinuka kitini unayasikia yanavyolia. Msalani tumemwekea kiti cha plastiki tulichokitoboa katikati. Hata nazi hakuni tena, na mama yangu ni mtu ambaye nazi iliyokunwa na mwingine haimridhishi. Siku hizi anakaa pembeni ya jiko anamsimamia binti yangu aliyekalia mbuzi: "Usikwangue mpaka kifuu, tui litakuwa jeusi."

Ana sukari na presha, vidonge anakunywa, ingawa akijisikia vizuri huviacha. Mwaka jana tulimpiga picha hospitali ya Bombo. Daktari akatuonyesha kwa kidole: gegedu zimelika, mfupa unasugua mfupa, hapa dawa ni kubadilisha magoti. Akatuandikia rufaa ya MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, Dar es Salaam. Hatukwenda. Tulipata msiba, halafu shule zikafunguliwa, karatasi ikabaki kabatini.

Kaka yetu mkubwa yuko Muscat tangu mwaka 2009, ndiye anayetubeba karibu sote. Mwezi wa Ramadhani alikutana na mtu aliyempeleka mkwewe India, akapewa namba ya wakala, Mtanzania mwenzetu. Tukampigia picha ile eksirei kwa simu tukamtumia. Baada ya siku mbili akajibu: magoti yote mawili kwa mpigo, dola 7,800, siku 15, hospitali na hoteli humo humo, nauli mbali. Viza atatuchukulia ya utalii kwa sababu hutoka haraka. Anataka tutangulize dola 1,500 kwenye namba yake ya simu ili "kushika tarehe", na kila siku ananiandikia kwa herufi kubwa kwamba nafasi inakwenda.

Kaka ana nusu ya pesa. Nusu nyingine anasema tuuze shamba la minazi la Pangani alilotuachia baba. Nikimwambia tujaribu kwanza hapa nchini ananijibu, "Kwa hiyo mama yako unataka umjaribie?" Dada zangu wako upande wake. Mimi ndiye niliyepangwa kusindikiza, na nina mtoto wa mwaka mmoja.

Mama mwenyewe kwenye kikao hakusema neno. Usiku nilipokuwa namkanda miguu ndipo aliponiuliza mawili: nikifia huko nani ataniosha? Na hayo magoti ya chuma, nitaweza kusujudu?

Nilikosa la kumjibu. Nifanyeje, Somo? Kaka sitaki kumvunjia heshima.

Mwana wa Kati, Tanga

SOMO ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nianze na la haraka: hizo dola 1,500 zisitumwe. Hospitali haishiki tarehe ya mgonjwa kwa pesa iliyotumwa kwenye simu ya mtu. Zisitumwe leo wala kesho, hata herufi zikiwa kubwa namna gani.

Haya, sasa tukae.

Kabla sijastaafu nilikuwa muuguzi wa wodi ya mifupa, na mwaka 2014 nilimsindikiza mdogo wangu Chennai akabadilishwe nyonga. Kwa hiyo usinidhanie mimi ni wa wale wanaoisema vibaya India. Daktari aliyempasua alikuwa fundi kwelikweli, na mdogo wangu leo anapanda daladala bila kushikwa mkono. Ila tuliambiwa siku 14, tukakaa 41. Siku ya tisa shavu la mguu lilivimba likawa gumu, likawa la moto: damu imeganda kwenye mshipa. Akawa anachomwa sindano ya tumbo kila jioni, na ndege ikapigwa marufuku. Wakala wetu, ambaye bei yake ilikuwa "kila kitu humo humo", akawa hapokei simu. Chumba tukalipa wenyewe, usiku baada ya usiku, kwa pesa za kuazima nyumbani.

Tulipanga kwa mama mmoja jirani na hospitali. Asubuhi ya kwanza natoka kutafuta maji ya moto nikamkuta sakafuni, amekalia kibao chenye chuma cha meno mbele, anakuna nazi. Nikacheka peke yangu. Mbuzi! Watamil, wenyeji wa Chennai, nao wanayo, ila ya kwao chuma kile kile kina na makali ya kukatia mboga. Kiingereza chake sikukielewa na changu hakukielewa, lakini tangu siku hiyo nilipewa nafasi jikoni kwake, mgonjwa wangu akala wali wa nazi wiki tano. Bila yule mama sijui tungekula nini.

Nimekusimulia haya kwa sababu karatasi ya wakala wenu ina siku 15, na mimi nikiisoma naona siku 15 za mgonjwa ambaye hakuna kinachomharibikia. Mama yako ana miaka 67, ana sukari, ana presha, na vidonge anaacha akijisikia. Magoti mawili kwa mpigo ni upasuaji mkubwa kuliko goti moja mara mbili: damu inayopotea ni nyingi zaidi, moyo unafanya kazi zaidi, na hakuna mguu mzima wa kuegemea anapojifunza kusimama. Wako wanaofanyiwa hivyo na wanatoka salama. Lakini anayeamua ni daktari aliyempima moyo, figo na sukari, aliyemwona akitembea kutoka mlangoni hadi kitini. Huyu wenu ameamua kwa picha ya simu iliyopigwa juu ya picha nyingine. Mkifika kule daktari akasema, kama ninavyotazamia, "tufanye moja kwanza", je, goti la pili ni safari ya pili? Shamba la pili mnalo?

Halafu ndege. Baada ya kubadilishwa goti damu hupenda kuganda miguuni, na kukaa saa sita mguu umekunjwa ndiko kunakoiita. Madaktari wengi hupendelea mgonjwa akae kama wiki sita kabla ya safari ndefu. Wengine huruhusu mapema kwa dawa za kuzuia damu isigande. Sasa piga hesabu: kutoka mji wa hospitali hadi Mumbai, Mumbai hadi Dar, Dar hadi Tanga kwa basi. Wiki sita za chumba, chakula na teksi za watu wawili hazimo kwenye dola 7,800. Na wewe una mtoto wa mwaka mmoja.

Upasuaji wenyewe, mwanangu, ni saa moja na nusu au mbili. Kazi iko mbele yake. Siku ya kwanza au ya pili mama atasimamishwa na fremu ya kutembelea, atalia, atawachukia wote. Wiki za mwanzo goti likiachwa bila kukunjwa linakakamaa, na likishakakamaa hivyo kulirudisha ni vita. Kila siku mazoezi, mara tatu nne, kwa miezi. Na ikitokea mwezi wa pili kidonda kimekuwa chekundu, kinatoa maji, mguu wa moto, hiyo si habari ya kungoja Jumatatu. Mtu mwenye kiungo cha bandia akiingiwa na usaha anatakiwa aonwe na daktari wa mifupa siku hiyo hiyo, ikibidi afunguliwe aoshwe. Daktari huyo mnataka awe wapi? Nimewapokea wodini wagonjwa wa namna hiyo, wanatoka uwanja wa ndege na mfuko wa vidonge tu, hawana hata karatasi inayoeleza waliwekewa nini. Tunaanza kubahatisha.

Hapo ndipo ninapotofautiana na kaka yako, na nitamtetea kidogo kabla sijampinga. Aliondoka mwaka 2009, na picha ya hospitali zetu aliyo nayo ni ya mwaka huo. Wakati ule mtu wa moyo na mtu wa figo sote tulijua njia yake ni India. Lakini tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na Novemba 2017 Muhimbili ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza. Goti na nyonga ni kazi za kawaida MOI. Yako magonjwa ambayo mpaka leo nikiulizwa nitasema nendeni nje, tena msichelewe, hasa pale madaktari bingwa wa hapa wanapokuandikia wenyewe kwamba huduma haipo. Goti la mzee lililolika gegedu si mojawapo. Kumpeleka MOI si kumjaribia mama. Ni kumpeleka kwa watu ambao goti likisumbua mwakani wataulizwa wao.

Kwa hiyo ile karatasi itoe kabatini. Ikiwa imepitwa na wakati, rudini Bombo waandike nyingine. Moshi pia mnaweza kuulizia, hospitali ya KCMC, kama mna ndugu wa kumpokea huko. Kliniki ya kwanza mkaulize haya: goti moja au mawili, foleni ni ya muda gani, kiungo chenyewe ni cha kampuni gani, na gharama yote ni kiasi gani ukijumlisha kitanda, dawa na mazoezi. Ikiwa mama yumo kwenye bima yako, muulize mtu wa bima waziwazi kama kiungo cha bandia kimo au mnajinunulia. Watu wengi hujua siku ya kulazwa, wakaanza kupigiana simu koridoni.

Foleni msiiogope, ina kazi yake. Mama hayuko tayari kupasuliwa, si Dar wala India. Apimwe kile kipimo cha sukari kinachoonyesha miezi mitatu ya nyuma. Kikiwa juu, daktari mwenye busara atamrudisha nyumbani kwanza, maana sukari ikipanda kidonda hakifungi na wadudu hushangilia. Meno mabovu yang'olewe au yazibwe kabla. Mkojo upimwe. Na kuanzia leo jioni akae kwenye kiti, anyooshe mguu mmoja mbele yake, uwe hewani umenyooka, ahesabu hadi kumi, aushushe polepole. Mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Msuli wa paja ndio utakaolibeba hilo goti jipya. Umwambie Somo amesema, na vidonge asiache.

Nawajua ndugu, huenda mkaenda India hata hivyo. Basi nendeni kwa mlango. Hospitali kubwa za kule zina ofisi ya wagonjwa wa kigeni; kaka aandike barua pepe mwenyewe, aambatanishe picha halisi, majibu ya damu na dawa anazotumia mama. Watamtumia makadirio bure. Mara nyingi wakala naye hulipwa na hospitali kwa kila kichwa anachopeleka, kwa hiyo mkimlipa tena mnamlipa mara mbili. Makadirio yaje yamechambuliwa: chumba, daktari, chumba cha upasuaji, dawa, na bei ya goti lenyewe peke yake. Hiyo ya mwisho isisitizeni. Agosti 2017 serikali ya India iliwekea magoti ya bandia bei ya juu kabisa. Lile la kobalti na kromiamu, linalotumika sana, lilipangiwa rupia 54,720 kabla ya kodi. Mkiona goti limeandikiwa maelfu ya dola, ulizeni kwa nini. Pesa ilipwe kwenye akaunti yenye jina la hospitali, au dirishani siku ya kulazwa, mkapewa risiti.

Viza ya utalii msiikubali hata kidogo. Ipo viza ya matibabu inayoombwa mtandaoni: siku 60, kuingia mara tatu, na mgonjwa huruhusiwa wasindikizaji wawili wenye viza zao. Ukiwa na hiyo, mgonjwa akiharibikiwa mnaomba kuongezewa muda kihalali. Ukiwa na ya utalii unaanza kuelezana na maofisa wa uhamiaji huku mama yuko kitandani.

Na siku ya kutoka, India au Dar, usiondoke bila vibandiko. Kila kipande cha goti la bandia huja na kibandiko chake, kidogo kama lebo ya daftari, kina jina la kampuni, saizi na namba ya toleo. Cha juu, cha chini, na kile kiplastiki cha katikati. Vipo kwenye faili la upasuaji. Omba vyako, vibandike kwenye daftari la mama, vipige picha, mtumie na kaka. Daktari atakayelifungua goti hilo miaka kumi ijayo atakuombea dua.

Sasa mama. Mmekaa kikao kizima juu ya magoti ya mtu na hakuna aliyemuuliza mwenye magoti. Maswali yake mawili nitakujibia, umfikishie kwa upole ule ule wa kumkanda.

La kwanza, kufa. Wanaofariki kwa upasuaji wa goti ni wachache sana, chini ya mmoja kwa mia, ingawa sukari na presha zisizotulia huongeza hatari. Lakini alichouliza si hesabu. Ameuliza nani atamwosha. Huyo ni mtu anayeogopa ugeni kuliko kisu, na haki yake. Yakitokea ya kutokea akiwa Dar, atarudi Tanga jioni ile ile na wanawe wapo. Kutoka India ni vibali, ni siku, ni pesa ambazo wakala wenu hakuziandika popote.

La pili, kusujudu. Mwambie kweli. Goti la bandia kwa kawaida hukunjika nyuzi 110 hadi 120 hivi. Kukaa tahiyatu na kuchuchumaa kunadai zaidi ya hapo, na wengi wakipigia goti wanasema halina raha. Ataendelea kuswali kitini kama anavyoswali sasa, na choo kitabaki cha kukaa. Akitarajia arudi kwenye mkeka kama zamani, atakuja kuona mmemdanganya. Atakachopata ni kulala usiku bila maumivu, kutembea hadi msikitini, kusimama jikoni. Na goti lenyewe hudumu: uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa uliotolewa mwaka 2019 ulikuta karibu nane kati ya kumi bado yanafanya kazi baada ya miaka 25. Akishajua haya yote, akisema hataki, mwacheni. Wako wanaoishi na magoti mabovu kwa fimbo, dawa na kupunguza uzito, na hiyo nayo ni tiba. Akisema anataka, atayafanya mazoezi bila kusukumwa, na mimi nimeona tofauti ya wagonjwa wa namna hizo mbili.

Shamba la Pangani ni mirathi. Mama ana thumuni yake humo, nanyi watano kila mtu na fungu lake, kwa hiyo mmoja hawezi kuliuza kwa simu kutoka Muscat. Sikuambii umsomee kaka sheria. Huyu ni mtu aliyeko mbali, anamwona mama kwenye video akijikongoja, na njia pekee anayoijua ya kuwa mtoto mwema ni kutuma pesa. Usimwambie hapana. Mwambie hivi: "Kaka, nimempangia mama kliniki ya MOI, nataka nauli na pesa ya vipimo kwako, na siku ya kuongea na daktari nitakupigia uwepo kwenye simu, umuulize wewe mwenyewe." Mpe na kazi ya kuandikia hizo hospitali mbili tatu za India. Akipata makadirio yaliyochambuliwa na akamsikia daktari bingwa kwa masikio yake, mtakuwa mnazungumza kitu kimoja. Ile nusu ya pesa aliyo nayo isitoke mkononi mwake mpaka hapo.

Na ile mbuzi, msiifiche. Itafutieni fundi seremala pale mtaani aipandishie miguu mpaka ifike kimo cha kiti, na chini aiweke pana isiyumbe. Nimeona imefanywa hivyo Bagamoyo kwa bibi mmoja. Kazi ya nusu siku, na mama hahitaji kungoja kliniki kwa hilo.